Mkulima wa Chai na Mswada wa Nyuklia: Namna ya Kuandika Maoni Ambayo Kamati Itayasoma

Juni 2011 maafisa wa Ufaransa walipima shehena ya chai kavu iliyoshushwa katika uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, karibu na Paris. Chai hiyo ilitoka Shizuoka, mkoa wa Japani unaosifika kwa chai kama Kericho inavyosifika hapa kwetu. Walikuta bekereli 1,038 za sesiamu yenye mionzi katika kila kilo, ilhali kikomo kilikuwa 500. Mtambo wa Fukushima Daiichi, uliovurugwa na tsunami Machi mwaka huohuo, uko zaidi ya kilomita 300 kutoka mashamba hayo.

Mtu wa Kapsoit, kaunti ya Kericho, akisikia redioni kwamba Bunge linakaribisha maoni kuhusu sheria ya ulinzi wa mitambo ya nyuklia, atajiambia hilo ni la watu wa Siaya, kunakotazamwa kujengwa mtambo. Kwa nini yeye, mwenye ekari moja na nusu ya chai na ng'ombe wawili, apoteze asubuhi nzima kuandika barua ya Nairobi? Chai ya Shizuoka inamjibu. Na kama atakubali kuandika, basi aandike kitu ambacho karani wa kamati hatakitupa kapuni baada ya aya ya kwanza. Makala haya yanahusu namna ya kufanya hivyo.

Anza kwa kueleza unahusikaje

Serikali ya Kenya imekuwa ikiutaja mwaka 2034 kuwa mwaka wa kupata umeme wa nyuklia. Kwanza ilitazama Uyombo, kaunti ya Kilifi. Wakazi wa huko walikataa, wakapeleka ombi bungeni, na 2024 wakaandamana hadi polisi wakaitwa. Tangu 2025 macho yamehamia Siaya, ufuoni mwa Ziwa Victoria, na Lwanda Kotieno ni mojawapo ya majina yanayotajwa sana. Kutoka hapo hadi soko la Kapsoit, ukipiga mstari ulionyooka kwenye ramani, ni kilomita 100 hivi.

Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, lina maduara ya kupangia dharura kwa vinu vikubwa. Duara la kwanza ni la kilomita 3 hadi 5, ambako watu huondolewa hata kabla chochote hakijavuja. La pili hufika kilomita 15 hadi 30. La tatu hufika 100, na humo ndani ardhi hupimwa ili kujua ni wapi watu wahamishwe baadaye. La nne hufika 300, nalo ni la chakula, maziwa na bidhaa za shambani. Kapsoit imekaa ukingoni mwa duara la tatu na ndani kabisa ya la nne, pamoja na Kericho yote na Bomet yote.

Hiyo ndiyo sentensi yako ya kwanza: "Sisi ni wakulima wa chai wa wadi ya Kapsoit, eneo bunge la Ainamoi, tulio ndani ya kilomita 300 ambazo IAEA inashauri zipangiwe ulinzi wa chakula na mazao." Usianze na shukrani kwa mheshimiwa mwenyekiti, wala na historia ya kijiji.

Ukitaka kuongeza sababu moja ya hapa nyumbani, taja mvua. Sehemu kubwa ya mvua ya alasiri ya Kericho hutokana na hewa ya ziwa inayosukumwa upande wa mashariki wakati wa mchana, ikapanda milima, ikapoa. Na mvua ndiyo huteremsha chembe za mionzi kutoka angani hadi kwenye majani. Huko Japani sesiamu iliangukia majani makuukuu kabla ya msimu wa kuchuma, mche ukaisafirisha hadi kwenye machipukizi mapya, yaani yale majani mawili na kichipukizi ambayo mchumaji huyatafuta. Kisha kiwanda kikamalizia: zaidi ya kilo nne za majani mabichi hukauka zikawa kilo moja ya chai, basi kilichokuwa kimetawanyika kikakusanywa pamoja.

Kuna msomaji atakayesema Fukushima ilikuwa ajali, wala hakuna mwizi aliyevunja ua. Ni kweli. Lakini kilichoua vinu vile ni kukosa umeme wa kuendesha pampu za kupoza. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji kuiba fueli wala kulipua jengo la kinu. Akikata umeme na kuharibu jenereta za akiba, matokeo yanaweza kuwa yaleyale. Kwa hiyo sheria ya kumzuia mtu huyo ni sheria ya chai pia.

Soma sheria iliyopo kabla ya kudai mpya

Kenya haikuanzia hewani. Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, namba 29 ya mwaka huo, ilifuta sheria ya zamani ya kinga dhidi ya mionzi iliyokuwapo tangu miaka ya 1980 na kuunda mamlaka ya udhibiti ambayo wengi huiita KNRA. Upande mwingine uko wakala wa kuendeleza umeme wa nyuklia, NuPEA, uliotajwa katika Sheria ya Nishati ya mwaka huohuo. Usizichanganye hizi mbili kwenye barua yako. NuPEA ndiyo inayotaka mtambo ujengwe; KNRA ndiyo inayotakiwa kuuambia hapana inapobidi. Ukiona katika mswada wowote mstari unaoipa NuPEA kazi ya kujikagua, au unaoifanya KNRA itegemee pesa au uteuzi kutoka kwa walewale inaowakagua, hapo pigia mstari mwekundu.

Sheria hiyo inapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Ukiisoma kwenye simu utaumia macho. Nenda saiba uchapishiwe kurasa unazozihitaji tu: ufafanuzi wa maneno, wajibu wa mwenye leseni, na makosa na adhabu. Katika sehemu hizo tatu ndipo sheria hukaza au kulegea. Mengine ni muundo wa bodi na mishahara, ambayo wanasiasa watayapigania bila msaada wako.

Unaposoma, tafuta mahali sheria inapompa mtu hiari badala ya wajibu. "Waziri anaweza kutunga kanuni" maana yake ni kwamba anaweza pia asitunge, na hakuna atakayemshtaki.

Na sheria hii haisubiri Siaya. Hospitali zina mashine za eksirei. Makandarasi wa barabara hutumia vipimio vya mshindilio wa udongo vyenye sesiamu na amerisiamu ndani, vikibebwa kwenye pikapu kama mzigo wowote. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, waokota vyuma walibeba mashine ya matibabu ya mionzi iliyoachwa katika kliniki tupu, wakaivunja, na watu wanne wakafa. Anayenunua vyuma chakavu hapa Kapsoit akiletewa kitu kizito kisicho cha kawaida chenye alama ya mionzi, ile ya mabawa matatu yaliyozunguka kitone, asikigonge nyundo wala kukipakia kwenye bodaboda. Akiache kilipo, awaweke watu mbali, apige simu polisi. Nimeingiza jambo hili hapa kwa sababu ukiwa nalo kwenye maoni yako, kamati haiwezi kukuambia unazungumzia mtambo ambao haujajengwa.

Nani, lini, na nani atamkagua

Kosa la maoni mengi ya wananchi ni kuomba hali badala ya kuomba kifungu. "Tunataka ulinzi wa kutosha." Hakuna mbunge atakayepinga hilo, na hakuna atakayelifanyia kazi. Kila ombi lako lijibu maswali matatu: ni nani atakayefanya, lini, na nani atahakikisha amefanya.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme mswada unasema: "Mwenye leseni atachukua hatua zinazofaa kulinda mtambo." Maneno mazuri, lakini hayamfungi mtu. Sasa andika hivi:

"Tunapendekeza kifungu hiki kiongezwe: Mwenye leseni atajaribu ulinzi wa mtambo kwa zoezi la uvamizi wa kuigiza, angalau mara moja kila miaka mitatu. Watakaoigiza wavamizi hawatakuwa waajiriwa wake wala wa kampuni inayolinda mtambo. Mamlaka itasimamia zoezi hilo na kuwasilisha muhtasari wa matokeo kwa Kamati ya Nishati ya Bunge la Taifa ndani ya siku 90."

Miaka mitatu sikuitoa mfukoni. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Bunge la Marekani lilibishana kwa miaka kadhaa kuhusu ulinzi wa mitambo yake, na katika Sheria ya Sera ya Nishati ya 2005 likaiagiza tume inayodhibiti nyuklia ihakikishe mazoezi ya aina hiyo yanafanywa angalau mara moja kila miaka mitatu. Sheria hiyohiyo iliitaka tume iandike upya kiwango cha tishio ambalo kila mtambo lazima uweze kulikabili. Ukimwonyesha karani wa kamati kwamba nchi yenye vinu vingi kuliko zote iliandika hivyo kwenye sheria yenyewe, si kwenye miongozo ya ndani, umempa kitu cha kunukuu.

Vifaa navyo viwekewe muda wa kutengenezwa. Julai 2012 mtawa wa Kikatoliki aitwaye Megan Rice, mwenye umri wa miaka 82, na wanaume wawili walikata nyua za Y-12 huko Oak Ridge, Marekani, mahali panapohifadhiwa urani iliyorutubishwa kwa ajili ya silaha. Walifika hadi ukutani, wakaandika ujumbe wa amani, wakasubiri. Kamera zilikuwa mbovu na ving'ora vilikuwa vimelia bure mara nyingi hadi hakuna aliyevijali. Mtawa huyo alikuwa amefundisha Afrika Magharibi kwa miaka mingi, na hakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Angekuwa mwingine, je? Kwa hiyo omba kifungu kinachosema kamera au king'ora kikiharibika, saa zihesabiwe, na zikipita bila kutengenezwa Mamlaka ijulishwe kwa maandishi.

Mlango wa ndani ndio mbaya zaidi

Ukipata nafasi ya kusema jambo moja tu, sema hili. Afrika ina mfano wake. Desemba 1982 mabomu manne yalilipuka katika mtambo wa Koeberg, karibu na Cape Town. Aliyeyaweka hakuruka ua usiku. Rodney Wilkinson alikuwa ameajiriwa humo ndani, akafanya kazi kwa niaba ya jeshi la ukombozi la ANC, akapitisha mabomu langoni kidogo kidogo. Vinu vilikuwa bado havijawashwa, hakuna aliyekufa, na kwa wengi lilikuwa pigo halali dhidi ya ubaguzi wa rangi. Lakini mwandishi wa sheria ajiulize swali lingine: mtu huyo alipitaje?

Agosti 2014 huko Doel, Ubelgiji, mtu fulani alifungua vali ya turbini ya kinu cha nne na kumwaga mafuta ya kulainishia, lita 65,000 hivi. Turbini iliharibika na kinu kikazimwa kwa miezi kadhaa. Hadi leo aliyefanya hivyo hajajulikana. Inaaminika alikuwa mtu mwenye ruhusa ya kuingia.

Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha chai anaelewa jambo hili bila kuelezwa. Mgeni akija langoni anaandikwa, anaulizwa kitambulisho, gari linakaguliwa. Kibarua aliyezoeleka hupita na askari anamsalimia "chamgei" huku mkono ukiinua kizuizi. Mtambo wa nyuklia unapojengwa huwa na maelfu ya vibarua na makandarasi wa makandarasi, na wengi wao watatoka kaunti jirani, zikiwemo zetu. Vijana wa Kapsoit watatafuta kazi hizo, na wazipate. Omba basi kwamba ukaguzi wa historia ya mtu usiwe wa siku ya kuajiriwa tu bali urudiwe kila baada ya muda uliowekwa; kwamba umhusu mfagizi na fundi wa mkandarasi sawasawa na mhandisi; kwamba sehemu nyeti zisiingiwe na mtu mmoja peke yake; na kwamba anayekataliwa kazi kwa sababu za kiusalama apewe njia ya kukata rufaa. Hilo la mwisho msilisahau, maana bila rufaa ukaguzi wa usalama hugeuka haraka ukawa njia ya kugawa kazi kwa ukoo na kabila.

Ongeza kinga kwa mlinzi anayesema ukweli. Mwaka 2007 katika mtambo wa Peach Bottom, Pennsylvania, mlinzi mmoja alijaribu kuripoti kwamba wenzake walikuwa wakilala zamuni. Hakusikilizwa. Mwishowe aliwapiga video, ikaonyeshwa kwenye televisheni, na kampuni ya ulinzi ikapoteza mkataba. Sheria nzuri ingempa mtu huyo mahali pa kwenda kabla ya televisheni: namba ya kupiga moja kwa moja kwa Mamlaka, na adhabu kwa mwajiri atakayemfukuza.

Usiombe siri, omba kipimo

Kuna wanaoharibu maoni yao kwa kudai waambiwe walinzi watakuwa wangapi na watashika bunduki gani. Hutaambiwa, na hufai kuambiwa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yenyewe inaruhusu taasisi kunyima habari zinazogusa usalama wa taifa. Tatizo ni kwamba kisingizio hicho hupanuka kama maji ya mafuriko hadi kikafunika hata yasiyohusika. Kazi yako ni kuchora mpaka kwenye mswada: mpangilio wa walinzi ni siri, lakini idadi ya mazoezi yaliyofeli, faini zilizotozwa, na vipimo vya mionzi nje ya ua si siri, na vichapishwe kila mwaka.

Wakati mswada ukijadiliwa, tumia sheria hiyohiyo ya 2016. Ombi la habari linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Sheria inasema hivyo waziwazi. Liandike kwa afisa mkuu mtendaji wa taasisi, kwa kuwa yeye ndiye afisa wa habari kisheria. Wana siku 21 za kukujibu, na wakikaa kimya au wakikataa unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa ofisi ya Ombudsman. Swali liwe fupi na lisiloweza kukimbiwa: "Je, kuna vipimo vya mionzi vya udongo, maji, maziwa na majani chai ya kaunti ya Kericho? Vilichukuliwa mwaka gani? Naomba nakala."

Swali hilo ndilo la thamani kuliko yote kwa mkulima. Usipokuwa na kipimo cha kabla, huwezi kuthibitisha hasara ya baadaye. Udongo wote duniani una mionzi ya asili kiasi fulani, na wakili wa upande wa pili atakuambia ulichokipata ndicho kilichokuwepo tangu enzi za babu. Kwa hiyo pendekeza kifungu kinachomlazimu mwenye leseni kugharamia upimaji wa awali, utakaofanywa na maabara isiyo yake, katika kaunti zote zilizo ndani ya kilomita 300, kabla fueli ya kwanza haijaingia nchini.

Kisha kifungu cha nani atakayetangaza. Baada ya mlipuko wa Chernobyl Aprili 1986, mionzi ilifika mashamba ya chai ya Uturuki kando ya Bahari Nyeusi. Waziri wa Viwanda na Biashara, Cahit Aral, alikunywa chai mbele ya kamera kuwaonyesha Waturuki kwamba haina neno. Picha hiyo bado inakumbukwa huko, na si kwa sifa. Waziri wa biashara kazi yake ni kuuza. Hawezi kuwa huyohuyo wa kusema kama bidhaa ni salama. Sheria itaje taasisi inayopima na inayotangaza, na iwekewe saa, si siku. Mnada wa chai wa Mombasa hausubiri mkutano wa waandishi wa habari.

Fidia nayo iandikwe kwa jicho la soko. Japani ilipokuwa ikipanga malipo baada ya Fukushima, ilikubali kwamba mkulima anaweza kupata hasara hata kama chai yake ni safi, kwa sababu tu wanunuzi wameogopa jina la mkoa. Chai ya Kenya huuzwa nje karibu yote. Bonasi ya mkulima ikishuka kwa uvumi, shimo mfukoni ni lilelile. Kama mswada unataja "madhara kwa mali" tu, pendekeza uongezwe "na hasara ya soko."

Neno kuhusu barabara. Barabara ya kutoka Mau Summit kupitia Kericho hadi Kisumu inapita sokoni Kapsoit, katikati ya matatu, mahindi ya kuchoma na punda. Mzigo wa nyuklia ukitoka bandari ya Mombasa kwenda Siaya una njia chache za kuchagua. Fueli mpya ya urani si hatari sana kuisogelea. Iliyokwishatumika ndiyo kali. Uliza mswada unasema nini kuhusu msafara: nani anausindikiza, na kaunti inajulishwa lini. Kupambana na moto na majanga ni kazi ya kaunti kikatiba, kwa hiyo zima moto wa Kericho wapewe mafunzo na vifaa, na mwenye leseni alipe.

Kupinga ni barua nyingine

Huenda hutaki mtambo kabisa. Ni haki yako, na watu wa Uyombo wameonyesha kwamba sauti hiyo husikika. Lakini usichanganye. Ukiiambia kamati inayojadili kifungu cha walinzi kwamba nyuklia ni laana, watakuandika "nje ya mada" na mapendekezo yako mengine yatazama pamoja na hilo. Andika ombi tofauti chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake.

Kuyafikisha maoni

Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimu Bunge kushirikisha umma. Matangazo hutoka kwenye magazeti ya kila siku na kwenye MyGov, jarida la matangazo ya serikali, na mara nyingi muda ni mfupi kupindukia. Ukikuta zimebaki siku tatu, tuma leo barua ya mistari minne ukiomba muda uongezwe, kisha tuma maoni hivyohivyo hata kama hayajakamilika.

Kurasa mbili zinatosha. Makarani wa kamati hupanga maoni kwa jedwali: kifungu, aliyependekeza, pendekezo, sababu, uamuzi wa kamati. Wewe andika kwa mpangilio huohuo ili wanakili tu. Kiswahili ni lugha rasmi na huna haja ya kuomba radhi kwa kukitumia, ingawa miswada huandikwa kwa Kiingereza. Kama yupo mwalimu wa sekondari anayeweza kuyaweka yale maneno ya kifungu kwa Kiingereza kando ya Kiswahili chako, mpe kazi hiyo. Barua ya kikundi ina uzito kuliko ya mtu mmoja, na chama cha akiba, kikundi cha akina mama, kanisa au wakulima wa kituo kimoja cha kuuzia majani wote wanafaa. Kila mmoja aandike jina, kijiji na kazi yake. Tuma kwa anwani iliyo kwenye tangazo, weka nakala ya barua pepe iliyotumwa, na nakala nyingine ipeleke kwa mkono ofisi ya mbunge wa Ainamoi, igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kamati ikija Kericho kusikiliza watu, msimpeleke mzee atakayeanza na salamu za pande zote nne na historia ya wazungu walivyochukua ardhi. Historia hiyo ni ya kweli, lakini dakika tatu zitakwisha kabla hajafika kwenye nyuklia. Mpelekeni mama anayechuma chai mwenyewe. Aseme: "Nalima chai Kapsoit. Ninaomba kifungu hiki kiongezwe maneno haya. Sababu ni chai ya Shizuoka." Asome maneno, akabidhi karatasi, akae.

Sheria ikipita, kazi itakuwa imefika nusu. Undani wa ulinzi huja kwenye kanuni, na Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inamtaka anayezitunga kushauriana na watakaoathirika, kisha kuziwasilisha bungeni ndani ya siku saba za vikao tangu kuchapishwa. Kanuni hutoka kimya kimya kuliko mswada. Chagueni kijana mmoja mwenye simu nzuri na bando, awe anaangalia Gazeti Rasmi la Serikali kila Ijumaa, na jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikundi pamoja na la atakayempokea zamu akipata kazi Nairobi. Ripoti ya kamati ikitoka, fungueni jedwali, tafuteni jina lenu, msome safu ya mwisho. Palipoandikwa "limekataliwa" bila sababu, ndipo pa kuanzia barua inayofuata.